Biashara ni ya mama, lakini jina limeandikwa kwa nani?

Ukisimama katika soko la Bumula, kaunti ya Bungoma, kisha uinue macho juu ya milango ya maduka, utasoma habari nyingi bila kununua gazeti. Kuna majina ya kumshukuru Mungu, majina ya watoto wa kwanza, majina ya miji ambayo mwenye duka hajawahi kufika, na lile neno ambalo hukosi kulikuta popote walipo Waluhya: Mulembe, yaani amani. Kinyozi ana jina. Fundi wa nguo ana jina. Hata kibanda cha bati cha kutoa na kuweka pesa za simu kina jina, tena limeandikwa kwa rangi mbili.

Sasa swali, mpenzi msomaji. Majina hayo ni ya nani? Usikimbilie kujibu kwamba ni ya wenye maduka. Huenda ukashangaa.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja wa Bumula ambaye amekuwa akikaanga njugu tangu wanawe wakiwa shule ya msingi. Mwanzoni alinunua njugu kwa gorogoro kutoka kwa majirani na kuziuza kwa vikombe kando ya barabara. Baadaye akanunua mashine ndogo ya kusaga, akaanza kutia siagi ya njugu katika chupa. Wateja wakaiita "Bumula Tamu". Jina hilo hakulitunga yeye. Lilitoka vinywani mwa watu, naye akalipokea kama mtu anavyopokea jina la utani. Leo chupa zake zinafika Bungoma mjini, Kimilili na hata Kitale.

Siku moja mwanawe aliyeajiriwa Nairobi anampigia simu. "Mama, hiyo biashara yako isajiliwe, watu wasikuibie jina." Wakati wa chakula cha mchana kijana anaingia katika mtandao wa serikali wa eCitizen, anajaza maelezo, analipa kwa simu, na baada ya siku chache cheti kinatoka. Mama anafurahi. Anakipeleka kutiwa fremu, kinatundikwa ukutani juu ya mashine. Hakuna anayetazama mstari ule unaotaja mwenye biashara. Pale limeandikwa jina la kijana.

Nimechagua mfano huu kwa sababu kijana mwenyewe si mwizi. Anaweza kuwa wewe unayesoma gazeti hili Jumapili ya leo, huko Umoja au Kawangware, ukidhani umemfanyia mama jambo jema. Alitumia akaunti yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari. Alitia kitambulisho chake na nambari yake ya ushuru ya KRA kwa sababu mama hakuwa na nambari hiyo, au alikuwa nayo lakini neno la siri limesahaulika. Ilikuwa rahisi, na kila mtu nyumbani alijua biashara ni ya nani.

Kila mtu nyumbani, ndiyo. Lakini benki si mtu wa nyumbani. Mama akitaka kufungua akaunti kwa jina la biashara, karani ataomba cheti, kisha atauliza aliko huyo aliyetajwa ndani yake ili aje atie sahihi. Mkopo nao ni vivyo hivyo. Na yule kijana akija kuoa, akakosana na nduguze, akaandamwa na wadai, au, Mungu apishe mbali, akafariki dunia, mama atajikuta akisimama mbele ya watu wasiomjua akithibitisha kwamba kitu alichokijenga kwa miaka ishirini ni chake. Mkononi hana karatasi hata moja inayosema hivyo. Nyumba ngapi zimegawanyika kwa ajili ya shamba ambalo hati yake iliandikwa jina la mtoto mmoja "kwa urahisi tu"? Jina la biashara linaweza kuzua ugomvi ule ule.

Kuna mlango mwingine ambao balaa hili hupitia, nao ni saiba. Anayeendesha saiba mjini ni mtu wa msaada sana kwa wale wasio na kompyuta. Lakini akiharakisha kazi huweza kujaza nambari yake ya simu na anwani yake ya barua pepe badala ya zako. Mwaka unapita, saiba inahama, na ujumbe wote kuhusu biashara yako unaendelea kwenda kwa mtu uliyemlipa mara moja tu. Kabla ya kulipa, soma kile kilichojazwa. Kama macho hayaoni vizuri, omba usomewe kwa sauti.

Tuangalie basi sheria yenyewe inataka nini, maana wengi tunakwenda kusajili tukiwa na fikira isiyo sahihi. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499. Mtu anayefanya biashara peke yake kwa kutumia jina lake halisi la ukoo, bila kuongeza neno, halazimiki kulisajili. Lakini pindi anapoongeza neno, au anapotumia jina lisilo lake, sheria inamtaka ajiandikishe. Sababu yake ni moja: umma uweze kujua ni nani aliye nyuma ya bango. Ukiuziwa mbolea mbovu na "Baraka Agrovet", hutaweza kumshtaki Baraka. Unataka kumjua binadamu mwenye kitambulisho. Ndiyo maana cheti hutakiwa kiwekwe mahali pa wazi dukani.

Kwa hiyo cheti kile kiliwekwa kwanza kabisa kumlinda mteja, wala hakikuwekwa kukulinda wewe mwenye duka. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Wakati mmoja kazi hii ilifanyika Nairobi, katika jumba la Sheria House, na mtu wa Bumula alihesabu nauli na malazi kabla ya kuhesabu ada. Mambo yalibadilika kidogo kidogo baada ya vituo vya Huduma kuanzishwa mwaka 2013, kisha eCitizen ikaja. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria iliyounda idara ya Business Registration Service, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, na ndiyo inayoshughulikia majina hayo leo. Gharama ya kusajili jina ni takriban shilingi 1,000. Utahitaji kitambulisho, nambari ya KRA, picha, na maelezo ya biashara na mahali ilipo. Peleka majina mawili matatu kwa upendeleo wako, kwa sababu la kwanza huenda likakataliwa kwa kufanana na jingine lililomo katika daftari. Usitie neno "Limited" mwishoni kwa ajili ya kujikweza. Hilo ni la kampuni, na wewe huna kampuni. Wewe na biashara yako ni mtu mmoja mbele ya sheria. Deni la biashara linaweza kufika mpaka kwa ng'ombe wako.

Fauka ya hayo, watu huchanganya karatasi. Dukani Bumula unaweza kukuta ukutani kibali cha kaunti cha kila mwaka, cheti cha KRA, cheti cha jina la biashara, na pengine kibali cha afya, vyote katika safu moja. Mwenye duka akiulizwa kama jina lake lina ulinzi, huonyesha ukuta mzima kwa mkono. Kibali cha kaunti kinakuruhusu kufungua mlango. Karatasi ya KRA ni ya ushuru. Ya afya inahusu usafi. Cheti cha jina kinasema wewe ni nani. Ukuta umejaa, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba neno lililo juu ya mlango ni mali yako.

Turudi kwa mama wa njugu. Tuseme kijana amerekebisha mambo, na cheti sasa kina jina la mama. Mfanyabiashara wa Kitale aliyeona jinsi chupa zile zinavyotoka haraka anaanza kusaga njugu zake. Anatafuta chupa za umbo lile lile, kifuniko chekundu kama cha mama, na lebo inayosema "Bumula Tamuu". Ndiyo, "u" mbili. Njugu zake hajui hata zimetoka wapi. Mteja aliye na haraka, mtoto mgongoni na nauli mkononi, ataziona hizo "u" mbili saa ngapi?

Mama akipeleka cheti chake kwa wakili, atasikia jambo la kumkata maini: cheti hicho peke yake hakimpi haki ya kumzuia yule mtu. Kinaweza kumsaidia msajili kukataa jina linalofanana sana katika daftari lake. Lakini yule wa Kitale huenda hakusajili chochote. Amechapisha lebo tu.

Hata hivyo mama hana mikono mitupu. Ipo haki ya zamani ambayo mahakama zetu zilirithi kutoka sheria ya Uingereza, na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, imeiacha iendelee kuishi. Haki hiyo humkataza mtu kuuza vitu vyake kana kwamba ni vya mwenzake. Kesi inayotajwa mara kwa mara ilihusu maji ya limau. Kampuni moja iliyauza maji hayo kwa miaka mingi katika vichupa vya plastiki vyenye umbo la limau, na mwaka 1990 mahakama ya juu ya Uingereza ikamzuia mshindani kutumia umbo kama hilo. Mlalamishi hutakiwa kuonyesha mambo matatu. Kwanza, biashara yake ina sifa na wateja wanaoitambua. Pili, mshindani amefanya jambo linaloweza kuwapotosha wateja hao. Tatu, amepata hasara, au iko mbioni kumfikia.

Kusema ni rahisi. Kuonyesha ndiyo kazi. Mama atathibitishaje kwamba wateja walilijua jina lake mwaka ule kabla ya yule wa Kitale? Hapa ndipo tabia yetu ya kufanya biashara kichwani inapotuponza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lebo ya kwanza kabisa, hata kama iliandikwa kwa kalamu, ingewekwa. Risiti ya mchapishaji wa lebo yenye tarehe ingewekwa. Picha za kibanda siku ya maonyesho, daftari la madeni ya wenye maduka ya Kimilili, taarifa za malipo ya M-Pesa zenye jina la biashara, vyote hivyo ni mashahidi wasiosahau. Tena hawadai nauli ya kuja kortini.

Njia iliyo imara zaidi ni kusajili alama ya biashara. Kazi hii si ya wale wa majina ya biashara. Hufanywa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, yenye makao South C jijini Nairobi. Gharama yake inazidi ya cheti cha jina mara kadhaa, na muda wake ni miezi, si siku. Bidhaa na huduma zote duniani zimepangwa katika makundi 45, na unasajili katika kundi lako: nguo na viatu ziko kundi la 25, huduma za mkahawa kundi la 43. Ukisajili jina kwa ajili ya nguo usidhani umelifunga na kwa wauza chai. Ombi likikubaliwa kwanza hutangazwa katika jarida la taasisi hiyo, na kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kupinga. Likipita, alama ni yako kwa miaka 10, nawe unaweza kuifufua kwa miaka mingine 10, na mingine tena. Ila usiisajili ukaifungia sandukuni. Ikikaa miaka mitano bila kutumika, mwingine anaweza kuomba iondolewe.

Je, "Bumula Tamu" litakubaliwa? Hapa, msomaji, nina habari mbaya kwa mama yetu. Neno la kwanza ni jina la mahali. La pili linasifu bidhaa. Sheria ya alama haipendi mtu mmoja ajitwalie jina la mahali, wala maneno ya kueleza ubora ambayo kila muuzaji anayahitaji. Kila mkulima wa njugu wa Bumula ana haki ya kusema njugu zake zimetoka Bumula, na kila mpishi ana haki ya kusema chakula chake ni kitamu. Jina kama hilo linaweza kupita ikiwa mwenyewe ataonyesha kwamba kwa matumizi ya muda mrefu umma umelifunga kwake yeye tu. Huo ni mlima. Ajabu ni kwamba yale majina tunayoyaona mazuri kwa kuwa yanajieleza, kama "Maziwa Safi" na "Nguo Nafuu", ndiyo dhaifu kabisa kuyalinda.

Majina ya ukoo yana shida yake. Khetia's, ambalo watu wa Kitale wanalifahamu kuliko majina ya mitaa yao, ni jina la familia, na kampuni yenyewe ingali inaitwa Khetia Drapers, ukumbusho wa vitambaa katika duka ambalo leo linauza unga na sukari. Linatambulika upesi kwa sababu huku kwetu si jina la kila mlango. Lakini Mbukusu akiita duka lake "Wafula Hardware", atamzuia nani? Wafula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ya Bungoma hainyeshei mtoto mmoja. Simiyu wa kiangazi ni wengi, Wekesa wa mavuno vilevile. Hapana ubaya kutumia jina la baba yako, ila ujue kwamba unalitumia pamoja na nusu ya tarafa.

Basi jina lenye nguvu linatoka wapi? Tazama maduka makubwa tuliyoyazoea. Nakumatt, kabla ya kufunga milango yake kabisa mwaka 2020, lilikuwa jina lililojulikana kote Afrika Mashariki. Lilianza kama Nakuru Mattresses, duka la magodoro. Mtu akakata "Naku" huku na "matt" huku, likapatikana neno ambalo halikuwahi kuwapo duniani. Naivas ilitokana na Naivasha Self Service Stores, na mkia wa Naivasha ukaachwa njiani. Tuskys ilitoka kwa Tusker Mattresses. Sijui ni nini katika magodoro kinachozaa supamaketi. Angalia lakini kilichofanyika. Jina la mji, ambalo ni la watu wote, limekatwa hadi likawa la mtu mmoja. Mama wa Bumula naye anaweza kuketi na wajukuu na kukata lake. Wakipata "Njubu", kwa njugu na Bumula, wataanza kwa kucheka. Baada ya mwaka wateja watakuwa hawacheki tena, wanaagiza.

Kabla ya kulipitisha, watamkie Msabaoti, Mteso na Mtachoni, na mtu wa kutoka upande wa pili wa mpaka. Neno tamu kwa Kibukusu linaweza kuwa tusi sokoni kwingine. Lisiwe gumu kuandika, maana fundi wa mabango ana herufi zake, na bango likitofautiana na cheti unajitafutia maswali ya bure. Na jina liwe fupi kiasi cha kuenea kwenye ujumbe wa simu, kwa sababu mteja anapolipa kwa nambari ya till, jina linalotokea kwenye simu yake ndilo atakalolikumbuka. Ikitokea jina lako binafsi badala ya la biashara, umetangaza kitambulisho chako na kuificha bidhaa.

Tafuta pia kama limeshikwa na mwingine. Daftari la majina ya biashara ni moja, la alama za biashara ni jingine, na la kwanza likikupitisha si lazima la pili likubali. Kampuni ya Kenya iliyoitwa Sony Holdings ilijifunza hivyo. Ilikuwa imeandikishwa kama kampuni, lakini ilipoomba alama yenye jina hilo, Sony ya Japani ilipinga, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikatupilia mbali rufaa ya kampuni hiyo ya Kenya. Nao wakulima wa miwa wa Awendo wanaita kiwanda chao Sony Sugar, kifupi cha South Nyanza, na hakuna anayekwenda huko kutafuta redio. Kufanana kwa majina peke yake hakutoshi kukata kesi. Mahakama hutazama ni nani anayelitumia, kwa bidhaa gani, na nani atapotoshwa.

Kwa watu wa Bungoma mpaka nao ni jambo la kila siku. Lwakhakha iko ndani ya kaunti, Malaba si mbali. Chupa ya njugu huvuka kwa bodaboda, lakini alama iliyosajiliwa Nairobi haivuki nayo. Uganda ina msajili wake. Nairobi Java House, mkahawa ulioanza mwaka 1999, ulipotaka kusajili alama zake Kampala, ulikuta wenye Café Javas wakipinga. Ilibidi Mahakama Kuu ya Uganda iamue mwaka 2016 kwamba Java House inaweza kusajiliwa. Mbali zaidi, mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kusajili neno "Kikoy", nguo ya pwani yetu tangu babu na babu. Wakenya na marafiki zao wakapinga, na ombi hilo halikufika mwisho. Kama hakuna aliyekuwa akiusoma ule utangazaji wa maombi, nani angejua?

Na jina likishakuwa lako, ujue kwamba linabeba pia lawama. Mwaka 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha vibali vya aina kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu ya sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Magazeti hayakuandika mashine wala wakulima. Yaliandika majina yaliyo kwenye lebo. Kwa hiyo mama anayetia siagi katika chupa asikimbilie KIPI kabla ya KEBS. Njugu zikianikwa chini kwenye udongo wenye unyevu, jina zuri litaeneza tu habari mbaya kwa haraka zaidi.

Wengine wataniuliza, mbona taabu yote hii kwa biashara ya kando ya barabara? Jibu langu ni kwamba si kila kibanda kinahitaji alama ya biashara. Muuza mandazi anayejulikana na mtaa mmoja amelindwa na uso wake. Cheti cha jina chenye maelezo sahihi kinamtosha, pamoja na daftari. Alama ni ya yule ambaye bidhaa yake imeanza kusafiri bila yeye. Siku unapokuta chupa yako katika duka ambalo hukuipeleka, Kitale au Kakamega, siku hiyo anza kuweka akiba ya KIPI.

Lakini hitilafu ya yule kijana wa Nairobi haingoji akiba. Kama ni wewe uliyemsajilia mama, baba au shangazi, fungua akaunti yako leo na usome ni nani aliyetajwa kuwa mwenye biashara. Ukikuta ni wewe, ipo njia ya kupeleka mabadiliko kwa msajili, nayo ni rahisi wakati wote wahusika wako hai na wanasalimiana. Kama kweli mnafanya biashara pamoja, semeni hivyo, majina yote mawili yaandikwe kama washirika, mkijua kwamba kila mshirika anaweza kudaiwa deni lote. Kama si hivyo, jina lako litoke. Safari ijayo ya nyumbani, mpeleke mama kwenye kituo cha Huduma mjini Bungoma siku ya kazi. Mkumbushe abebe kitambulisho chake, laini ya simu iwe yake, na neno la siri aliandike yeye mwenyewe katika daftari analoliweka chini ya godoro.